Hofu tatu za mtunzi anayeficha daftari lake

Kuna watunzi wengi wenye daftari la mashairi, au faili kwenye simu, ambalo hakuna jicho jingine lililowahi kulisoma. Humo mna shairi la mama aliyetangulia mbele ya haki, la ndoa iliyovunjika, la miaka ya kuzunguka na bahasha ya vyeti bila kupata kazi. Mwenyewe akiulizwa atayatoa lini, hujibu kwamba bado anayarekebisha. Anachokiogopa ni kukosolewa, na hofu hiyo humshinda kwa sababu anaibeba kama mzigo mmoja. Ukiufungua mzigo wenyewe unakuta hofu tatu, kila moja na chanzo chake na dawa yake.

Ya kwanza ni hofu ya ufundi: wataona sijui kutunga. Ya pili ni hofu ya kuonekana: watajua yaliyonipata. Ya tatu ni hofu ya watu wa nyumbani: ndugu zangu watanichukuliaje. Dawa ya moja haitibu nyingine. Mwenye hofu ya tatu anaweza kusahihisha vina (sauti zinazofanana katika miisho) na mizani (idadi ya silabi) mwaka mzima na bado asithubutu kutoa ubeti mmoja, kwa sababu kinachomzuia hakimo kwenye shairi. Kinachomzuia ni dada yake.

Ili ujue yako ni ipi, chukua karatasi uandike ile sentensi unayoogopa kuisikia kuliko zote, kwa maneno yaleyale ambayo yangetumika, kisha andika pembeni ni nani anayeisema. "Hili si shairi, ni maneno yamepangwa" hutoka kwa mtunzi mwenzako. "Kumbe aliachwa" hutoka kwa jirani. "Umemvua nguo mama yetu" hutoka kwa kaka. Andika sentensi tatu au nne za namna hiyo na utaona majina yanaanza kujirudia. Huo umma unaokunyima usingizi, mara nyingi ni watu wawili watatu unaowafahamu.

Hofu ya ufundi

Hii ndiyo nyepesi kutibu, kwa sababu sehemu kubwa ya makosa ya ufundi huhesabika. Na mtunzi wa Kiswahili hutoa kazi mbele ya wasomaji wenye desturi ndefu ya kuhesabu na kujibu. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alijibizana kwa mashairi na watunzi wa Lamu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji wake. Kaluta Amri Abedi akatoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Msomaji aliyekulia katika desturi hiyo akikuta mstari umezidi mizani atasema, na hasemi kwa chuki. Ni kama fundi anayepita akaona ukuta umepinda.

Tuutazame ubeti mmoja wa tarbia, uliotungwa kwa ajili ya makala haya. Mistari ni 4, na kila mstari unatakiwa kuwa na mizani 16: 8 za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na 8 za utao, yaani nusu ya pili.

Alfajiri huamka, jiko lake kuliwasha,
Vitumbua kuvipika, sisi sote kutulisha,
Moshi nao humfika, na kifua kumchosha,
Leo mimi namkumbuka, deni lake lanitisha.

Tuseme umeutoa, na kufikia jioni umepokea maoni matano:

"Mstari wa nne, ukwapi una mizani 9."
"Alfajiri ni mizani 5, mstari wa kwanza umezidi."
"Sijaelewa, mama alikuwa anadaiwa na nani?"
"Vina vya nini siku hizi? Ungeandika shairi huru tu."
"Umaskini wa kwenu unatuletea sisi wa nini?"

Dakika ya kwanza yote huuma sawasawa, na hapo ndipo mtunzi anapofuta shairi. Lakini kila oni ni jambo lake.

La kwanza ama ni kweli ama si kweli, basi hesabu. Le-o-mi-mi-na-m-ku-mbu-ka: 9. Ile "m" ya "namkumbuka" husimama peke yake kama silabi, na ndiyo inayomezwa kuliko zote na mtu anayehesabu huku akisoma haraka. Ukiandika "Leo ninamkumbuka" unapata le-o-ni-na-m-ku-mbu-ka, mizani 8 kamili. Kazi ya dakika mbili, na mkosoaji amekufanyia hisani.

La pili ni ubishi wa kweli kati ya wajuzi wenyewe. Katika maneno kama alfajiri, labda na daktari, wapo wanaoihesabu ile konsonanti ya katikati kama silabi kamili (a-l-fa-ji-ri), na wapo wanaoifunga na irabu iliyotangulia (al-fa-ji-ri). Hutawaridhisha wote. Unachopaswa kufanya ni kuchagua hesabu moja na kuishika diwani nzima, yaani kitabu chote cha mashairi. Ukihesabu "alfajiri" mizani 4 katika ukurasa wa 3 na mizani 5 katika ukurasa wa 20, hapo mkosoaji ana haki na wewe huna.

La tatu ndilo lenye thamani kuliko yote, ingawa limesemwa kinyonge na pengine na mtu asiyejua mizani ni kitu gani. Mtunzi alikusudia deni ambalo yeye mwenyewe anadaiwa na mama. Msomaji amekutana na "deni lake" akamwona mama ana daftari la mkopo dukani. Msomaji anaweza kukosea kuhusu sheria za tarbia, ila hawezi kukosea kuhusu alichokielewa yeye. Weka "deni langu lanitisha": mizani ni zilezile 8, kina ni kilekile, na maana imesimama.

La nne linatokana na shule ya ushairi aliyotoka msomaji. Mwaka 1974 mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani isiyofungwa na vina na mizani, wapo waliokataa katakata kuyaita yale mashairi, na mabishano ya wanamapokeo, wanaoshika vina na mizani, na wanausasa, wanaotunga bila hivyo, yakaendelea kwa miaka. Yeye akatoa Karibu Ndani mwaka 1988 na Dhifa mwaka 2008. Siku hizi mishale hurushwa pande zote mbili: mwenye vina huambiwa amepitwa na wakati, asiye na vina huambiwa hajui kazi. Oni la namna hii linakujulisha msomaji anapenda nini. Halikupi neno la kusahihisha.

La tano halihusu shairi hata kidogo.

Kipimo cha kutenganisha ni swali moja: je, naweza kuweka kidole juu ya neno au mstari ambao maoni haya yanaugusa? Ukiweza, kaa nayo. Usipoweza, hayo ni maoni kuhusu msemaji au kuhusu wewe, na kalamu haina la kufanya hapo.

Wasomaji watatu kwanza

Hofu ya ufundi hupungua sana ikiwa makosa yanayohesabika yamekamatwa kabla ya shairi kutoka. Tafuta wasomaji watatu. Wa kwanza awe anajua kutunga. Wa pili awe msomaji wa kawaida asiyekufahamu kwa undani. Wa tatu awe ameyaishi maisha unayoyaandika. Kwa ubeti wetu huyo ni mama anayeuza vitumbua, maana ndiye atakayekuambia kwamba mchele huloweshwa tangu jana yake, na uji wa unga huachwa uumuke, kwa hiyo ukithubutu kuandika kwamba anaanza kuloweka alfajiri hakuna muuza vitumbua atakayekuamini. Makosa ya aina hii huumiza shairi kuliko mizani iliyozidi, na mjuzi wa vina hawezi kuyaona.

Mume, mke au mzazi asiwe miongoni mwa watatu hao kwa mara ya kwanza. Wanakusoma wewe, hawasomi ubeti. Wala usimpe mtunzi ambaye mnashindania nafasi ileile. Na usilitupe shairi bichi kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 200: utapata alama za makofi kumi na tano, na mmoja atakayekejeli ndiye atakayekunyima usingizi.

Wape mashairi 5 na yasizidi, hata kama unayo 60. Yachape kwenye karatasi, mistari ikiwa na namba, pembeni pakiwa na nafasi ya kuandika. Taja siku ya kurudisha. Wiki moja inatosha. Kisha epuka swali la "unaonaje?" Watu wetu tumelelewa kutomvunja mtu moyo mbele ya uso wake, kwa hiyo jibu la swali hilo ni "nzuri sana, hongera", nalo halikusaidii. Uliza haya: Ni mstari gani ulirudia kuusoma mara mbili? Ni wapi ulianza kuchoka? Ukifunga karatasi, ni maneno gani yamebaki kichwani? Unadhani anayesema katika shairi hili anataka nini? Maswali haya hayamlazimishi mtu kukusifu wala kukuponda, yanamtaka akueleze tu kilichompata alipokuwa anasoma.

Ukiweza, mwombe mmoja alisome kwa sauti mbele yako. Shika penseli. Pale ulimi wake unapokwama, tia alama, usimsahihishe. Akikwama mahali ambapo hesabu yako inasema mizani ni kamili, kagua msisitizo na mpangilio wa maneno. Mstari unaweza kuwa na mizani 8 kamili na bado usisomeke.

Wakati wanakueleza, nyamaza uandike. Kosa kubwa hapa ni kuanza kufafanua: "pale nilikuwa namaanisha…" Ufafanuzi huo hautasafiri na shairi. Msomaji wa Kigoma au wa Muscat hatakuwa na wewe pembeni yake. Sema "ahsante, endelea", kisha kaa na karatasi siku mbili kabla ya kugusa chochote. Wawili wakikwama pale pale, rekebisha. Akikwama mmoja, tafakari. Na watu wakikuonyesha mahali penye tatizo, mara nyingi wako sahihi kuhusu mahali penyewe; dawa wanayokupa, "badilisha neno hili uweke lile", ndiyo hukosewa sana. Pokea mahali, dawa itafute mwenyewe.

Hofu ya kuonekana

Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichapisha na wenzake majaribio ambamo mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji ambaye angeona haya kuonekana naye, kisha akaingizwa chumbani kwa wenzake. Wavaaji walikadiria kwamba karibu nusu ya waliomo wangemtambua aliye pichani. Waliomtambua walikuwa kama robo. Mtu hujiona anatazamwa kuliko anavyotazamwa kweli. Shairi lako la talaka, kwako ni mwaka mzima wa machozi. Kwa msomaji ni mistari ishirini aliyoisoma akisubiri daladala, na huenda alikuwa anafikiria talaka yake mwenyewe.

Hilo linasaidia kwa watu wa mbali. Kwa watu wa mtaa wako, wanaojua mlango upi ni wako, unahitaji zana, na ushairi wetu unazo tangu zamani.

Kuna fumbo. Pwani watu wamesemana kwa kanga na kwa taarabu miaka mingi bila kutaja jina. Ila fumbo lina hatari mbili. Moja ni kulifunga mno hadi asiingie mtu. Nyingine ni kuokota fumbo lililochakaa: jahazi lililotoboka, ua lililonyauka, ndege aliyeruka tunduni. Tafuta kitu cha nyumbani kwako. Mwanamke aliyerudi akakuta kitasa kimebadilishwa na ufunguo wa zamani ungali mkononi, huyo hana haja ya kutaja neno talaka wala jina la mtu. Kipime fumbo kwa yule msomaji wa pili: asipojua tukio lakini akalihisi jambo lenyewe, fumbo limefanya kazi.

Kuna lakabu, yaani jina la kubuni la mtunzi. Watunzi wa magazetini wamezitumia siku nyingi, na si dalili ya woga. Chagua moja mapema na usiibadilishe kila mwezi, mweleze mtu mmoja unayemwamini, na ujue kwamba mkataba wa uchapishaji bado utahitaji jina lako halisi. Tena lakabu haikufichi kwa ndugu ikiwa shairi linataja kisima cha kijijini na kovu la baba.

Na kuna muda. Shairi lililotungwa usiku wa msiba lisitoke wiki hiyo. Jeraha likiwa bichi, hata oni la nukta na mkato huangukia juu yake, na mtunzi humchukia mtu aliyemsahihisha kwa wema. Kipimo ninachokiamini ni sauti: likikubali kusomwa kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho bila koo kukaba, lina uwezo wa kusimama mbele za watu. Kwa mengine ni wiki chache, kwa msiba inaweza kuwa miaka, na hakuna ubaya.

Aliyedhani mambo ya ndani hayastahili kutoka amkumbuke Mwana Kupona binti Msham, mtunzi wa visiwa vya Lamu. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wosia, mama akizungumza na mwanawe. Humo akawaita na wanawake wengine wausome. Ungali unasomwa.

Hofu ya watu wa nyumbani

Hapa nasema kwa tahadhari, kwa sababu hofu hii mara nyingine ina haki. Inakuonya kwamba unashika kitu kisicho chako peke yako.

Orodhesha kila mtu anayeweza kutambulika katika kazi yako, hata asipotajwa. Kwa kila mmoja jiulize: atatambuliwa na nani, na atapoteza nini? Shangazi aliyetajwa kwamba alipenda kuimba hapotezi kitu. Mdogo wako uliyemwandika kwamba aliwahi kuiba, leo akiwa na kazi na wakwe, anaweza kupoteza vingi. Wale wanaoweza kupoteza kitu waendee kabla shairi halijatoka, ana kwa ana, ukiwa na ubeti unaowahusu tu. "Dada, nimeandika jambo linalotugusa sote. Naomba nikusomee kabla halijatoka, na kama kuna neno linakuumiza uniambie." Kauli hiyo ni nzito kuitoa, lakini ugomvi mwingi hutokea kwa sababu ndugu alilikuta shairi kwenye simu ya mtu mwingine, na kilichomuuma ni kusikia mwisho.

Jua mapema uko tayari kubadilisha nini. Jina, mji, kazi, idadi ya watoto na mpangilio wa matukio hubadilika bila shairi kufa. Kiini kisipobadilika na ndugu akikataa kabisa, una uamuzi mgumu na hakuna kanuni ya kukutolea. Ninaloliona wazi ni haya: siri ya mtoto au ya mgonjwa isitoke, na kama shairi linamtuhumu mtu anayetambulika kwa jinai, kubadilisha jina peke yake hakukulindi na kesi ya kashfa, muone mwanasheria. Shairi unaloamua kutolitoa, liandike tarehe na ulitenge na mengine, ili lisiyafungie yale ambayo yangeweza kutoka.

Siku ya kutoa

Usianze na lile linalokutetemesha zaidi. Chagua la katikati, ulitoe kwanza kwa watu kumi au kumi na watano, kwenye kikao cha ushairi au kundi dogo, na umma uje baadaye. Tangaza tarehe kwa mtu mmoja, kwa sababu "nikimaliza kurekebisha" haina mwisho. Toa asubuhi ya siku yenye kazi nyingine, usitoe saa nne usiku halafu uingie kitandani na simu. Fungua maoni mara moja tu, jioni.

Angalia pia maneno ya utangulizi. Watunzi wa tenzi walikuwa na desturi ya kuomba mwishoni wasamehewe na warekebishwe walipokosea, na hiyo ni heshima kwa msomaji na kwa kazi. Lakini "samahani, si kitu cha maana, nimeandika haraka haraka" ni kumwambia msomaji asihangaike kusoma, naye atakutii.

Kinachowapata wengi siku hiyo ni kimya, nacho huwachanganya kuliko matusi. Kimya hakina maana moja. Pengine watu hawajaliona, pengine wameguswa wakakosa la kusema. Usikisome kama hukumu. Nenda kwa watu wawili uwaulize yale maswali manne.

Maoni yakija, yanakili kwenye daftari katika safu tatu: yanayogusa neno, yanayotokana na shule ya msomaji, yanayogusa mtu. Jibu safu ya kwanza tu, tena baada ya siku nzima kupita, kwa maneno machache: "Ni kweli, nimehesabu upya, nashukuru." Ya pili unaweza kuyajibu kwa shairi, kama walivyofanya waliotangulia, ukichagua njia hiyo fuata vina na mizani vya aliyekuchokoza, na ubeti wako uwe safi kuliko wake. Ya tatu yaache. Anayeendelea kutukana mzuie bila maelezo.

Na usilifute shairi. Kama lina kosa, toa toleo lililosahihishwa na uweke tarehe kwenye nakala yako kuu. Ule ubeti wa vitumbua, baada ya maoni yote matano, umeguswa mahali pawili, pote katika mstari mmoja. Vina vimebaki, na "alfajiri" imebaki na mizani yake 4:

Alfajiri huamka, jiko lake kuliwasha,
Vitumbua kuvipika, sisi sote kutulisha,
Moshi nao humfika, na kifua kumchosha,
Leo ninamkumbuka, deni langu lanitisha.